Mrejesho: mama wa riwaya yangu ya Mtunya (njaa kuu ya Ugogo)

Wakuu, niliuliza namna ya kumwandika mama wa Kigogo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia asiwe malaika. Asante kwa aliyesema nimpe jambo la kuficha.

Sasa Waingereza wameshaingia Dodoma, Julai 1916. Mume kachukuliwa upagazi, ng'ombe wameswagwa na jeshi, kisha mvua inagoma na njaa ya Mtunya inaanza. Mama anafukia uwele, anamwambia mama mkwe umekwisha. Halafu anamtoa binti yake kwa nyumba yenye chakula, apewe nafaka (watu walifanya hivyo kweli). Sijamwandikia hata chozi.

Mke wangu kasoma, kamchukia, kisha akadai sura inayofuata. Ushauri wa kumuua mama mwishoni nimeukataa. Binti lazima arudi amkute hai.