Naomba ushauri: kuzunguka vijiji vya Provence, Ufaransa

Wakuu, habari zenu. Mimi na mama watoto tunapanga kwenda Ufaransa mwishoni mwa Juni. Paris tunapita tu, tunataka vijijini. Yeye kang'ang'ania mashamba ya maua ya lavenda ya Valensole, tuyawahi kabla hayajavunwa mwezi wa 7. Mimi roho yangu iko kijiji cha Gordes, nyumba za mawe zimepandana hadi kileleni.

TGV, treni ya kasi, hadi mji wa Avignon haina shida. Kasheshe ni baada ya hapo, mabasi ya vijijini ni ya kuhesabu. Nikodi gari? Gia za mkono nimezizoea, ila kuendesha kulia kwenye vile vibarabara vyembamba vya milimani, mmh!

Mliowahi kufika: tulale Avignon tuwe tunakwenda na kurudi, au tuhamehame? Na leseni ya Bongo inatosha, au lazima niwe na ya kimataifa?