Kutambua Eriogonum milimani Nevada

Swali: Ndugu zangu, kwenye mteremko wenye vichaka vya Artemisia tridentata nimekuta Eriogonum (jenasi ya mimea ya maua, kifupi E.) yenye maua meupe yanayoelekea manjano. Je, ni E. umbellatum au E. heracleoides?

Jibu: Rangi hudanganya, ndugu. Tazama katikati ya bua la maua: E. heracleoides kwa kawaida huwa na duara la majani madogo hapo, ilhali E. umbellatum mara nyingi hauna.

Jibu: Naafiki. Unapokausha kielelezo, geuza jani moja ili manyoya ya upande wa chini yaonekane, na uandike mwinuko na aina ya udongo. Lakini E. tiehmii, spishi nyingine ya Nevada, usiuchume kamwe, kwani tangu 2022 Marekani imeuorodhesha miongoni mwa mimea iliyo hatarini kutoweka.

Muulizaji: Duara lipo. Ahsanteni.