Tupeane uzoefu: mchezo wa kuigiza ulimpaje mtoto wako mahali pake?

Mama Bahati, Ndosho
Wamama na wapapa wa Goma, hamjambo. Naanza mimi.

Tulihamia hapa tukitoka Beni. Mtoto wangu wa miaka 4 alikaa wiki tatu mlangoni, amenishika kitenge, akiwatazama watoto wa jirani. Nilimhimiza aende kucheza, akakataa kabisa.

Siku moja walikuwa wanapika bugali ya udongo. Mama alikuwepo, papa alikuwepo, wageni walikuwa njiani. Msichana mmoja akageuka: "Weye, leta chukudu, makala imeisha!" Mtoto akaniacha papo hapo. Akaokota ubao, akausukuma huku akinguruma kwa mdomo, akarudi na mawe meusi matano ya volkano. "Makala bei gani?" "Mia tano!" Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi. Walihitaji makala, naye ndiye aliyekuwa nayo.

Usiku akaniambia: "Mama, uniamshe mapema, wananingojea."

Nilikuwa namtafutia rafiki. Wenzake walimpa kazi. Kwenu ilikuwaje?

Mwalimu wa maternele, Himbi
Mama Bahati, aksanti sana. Darasani nimeacha kusema "mpokeeni mwenzenu". Nikisema hivyo wanampokea mbele yangu tu. Sasa naongeza sahani moja kwenye kona ya jikoni, au nauliza kama dukani yupo muuzaji. Nafasi ikionekana, wenyewe wanamwita mtu.

Vygotsky, mtaalamu wa saikolojia wa Urusi, katika mhadhara wake wa mwaka 1933 alitaja wadada wawili, wa miaka 5 na 7, walioamua kucheza "udada". Kila siku ni wadada bila kufikiri. Wakicheza, wanashikana mikono, wanavaa sawasawa, wanatafuta dada hufanya nini. Mimi naliona kila wiki: mtoto anayeigiza kuwa mtu wa nyumba fulani anajifunza desturi za nyumba hiyo zaidi kuliko ningemfundisha kwa maneno.

Angalieni jambo moja tu. Mgeni mara nyingi hupewa kuwa mtoto mchanga au mbwa. Siku za kwanza ni sawa, ameingia. Akibaki mbwa wiki nzima, naingia kwenye mchezo kama mgonjwa, namwomba yeye awe muganga wangu.

Papa wa watatu, Majengo
Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, tulitembea mpaka Sake na watoto. Tuliporudi, walicheza "kukimbia" kila siku: magodoro kichwani, pupe mgongoni, bidoni mkononi. Mama yao aliumia kuwaona, alitaka niwakataze. Nikawaacha.

Mwanzoni kila mmoja alikimbia kivyake. Halafu wakaanza kuhesabiana: "Nani amebaki?" Mdogo wa jirani, ambaye siku ile alipoteana na wazazi wake usiku mzima, ndiye waliyemchagua awe mwenye kuhesabu. Alihesabu kwa sauti kubwa, anagusa kila kichwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka kabla hajamaliza.

Dada wa Birere
Mtoto wa yaya yangu alifika kutoka Idjwi akisema Kihavu tupu. Wakacheza kuvua sambaza usiku, wamelaza mabenchi kama mitumbwi. Yeye peke yake alijua wavuvi wanavyoimba wakipiga makasia. Sasa avenue nzima ya watoto wanaimba Kihavu.

Mama wa mapacha, Katindo
Mimi niliharibu. Walikuwa wamejenga nyumba kwa kitenge changu kipya, na binti wa jirani ambaye hucheka mara chache alikuwa "mama mwenye nyumba". Nikakivuta, nikafoka. Akaondoka bila neno, siku nne sikumwona uwanjani kwetu.

Siku ya tano nilitundika kitenge cha zamani kwenye kamba, chini nikaweka vikombe vitatu. Nikaenda nje ya nyumba yao, nikabisha hodi, nikauliza kama mama mwenye nyumba yupo, maana wageni wake wamefika. Alitoka anafunga kanga kiunoni.