Maktaba ya shule hapa Amu (Lamu): tununue vitabu vya marejeo au tulipie intaneti?

Mzazi, Langoni:
Assalamu alaykum jamaa. Kamati ya shule moja ya upili hapa kisiwani, sitaitaja, ina pesa za jambo moja tu: kamusi, atlasi na ensaiklopidia mpya, au vishikwambi vichache na intaneti ya mwaka. Kikao cha juzi watu walitoka wamenuniana. Naleta hoja kwenu.

Mimi ni wa intaneti. Kabati la marejeo la shule hiyo nimelifungua kwa mkono wangu. Ensaiklopidia zake ni za msaada. Zilivushwa kwa boti kutoka Mokowe, punda wakazibeba mpaka shuleni, tukashukuru. Ndani yake Zaire ingaliko, Pluto ni sayari ya tisa, na Sudan ni nchi moja. Binti yangu alinakili humo kwamba Lamu ni wilaya katika Mkoa wa Pwani, akapata sufuri. Mwalimu hakumwonea, Lamu sasa ni kaunti, moja ya zile 47 zilizoanza kazi 2013. Juzuu ya M imebaki jalada, mchwa wamemaliza kilichokuwa ndani. Britannica yenyewe, iliyoanza kuchapwa 1768, ilitangaza 2012 kwamba imeachana na karatasi, na toleo lake la mwisho lilikuwa la juzuu 32. Wenye mali wamehama, sisi twang'ang'ania nini?

Mwalimu wa Kiswahili, Faza:
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Britannica waliacha, wenye ensaiklopidia ya World Book hawakuacha. Na kosa la Zaire si la karatasi, ni letu: tumezoea kupokea vya kutupwa badala ya kununua.

Nieleze ninaloliona darasani. Mtoto alikuwa akitafuta “kawaida” kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kidole kikishuka ukurasa, akagota kwenye “kawa”. Akaita wenzake: “Kumbe kile kifuniko cha chakula cha nyanya kimo kitabuni!” Robo saa nzima wakabaki hapo wakifunua, wakisoma vitu vya nyumbani kwao. “Kawaida” yenyewe waliisahau, nami sikuwakumbusha. Simu ingempa alichouliza, basi. Tena stima ikikatika saa nne asubuhi, na hukatika, nikae na watoto 40 nikiwaambia nini?

Mwanafunzi wa zamani, sasa yuko Mombasa:
Shikamoo mwalimu. Kwa kawa umenishinda. Lakini mtoto akitaka kujua kwa nini nyumbani twasema “mato” na “ndia”, na mtihani wataka “macho” na “njia”, utampa kitabu gani? Aliyekusanya maneno ya lahaja zetu kwa mapana, Kiamu kikiwemo, ni padri Mfaransa, Charles Sacleux, katika kamusi iliyoanza kutoka Paris 1939. Sijapata kuiona kwenye kabati la shule yoyote. Niliisoma kwenye mtandao, bure. Imeandikwa Kifaransa, kwa hivyo nusu nilikuwa nabahatisha, lakini maneno ya bibi yangu niliyaona kwa mato yangu.

Fundi wa kompyuta, Shela:
Wakubwa zangu, mwagombana kama kwamba ni lazima mtandao uwe hewani. Kuna programu yaitwa Kiwix. Mwashusha Wikipedia mara moja mahali penye mtandao mzuri, ya Kiswahili (ipo tangu 2003) na hata ya Kiingereza, mwaiweka kwenye kompyuta ya shule, yasomwa bila bando. Ubaya wake ni kwamba habari zasimama siku ile mliyoishusha, kwa hivyo mtu lazima airudie kila baada ya muda, la sivyo mtapata Zaire nyingine. Na msijidanganye kuhusu vishikwambi: chumvi ya upepo wetu yala tundu la chaji kabla watoto hawajaharibu kioo. Nimevifungua vingi, nayajua.

Ila swali langu ni jingine. Mzazi, hilo kabati ulilifunguaje? Ufunguo wakaa kwa nani?

Mzazi, Langoni:
Mwalimu, kwa kamusi nimelegea. Nitapendekeza nakala kumi mpya za kamusi na atlasi mbili, ensaiklopidia tusinunue hata moja, na pesa zitakazobaki ziende kwenye kompyuta ya hiyo Kiwix.

Fundi, ufunguo wakaa kwa naibu wa mwalimu mkuu. Siku ile nilimngoja kuanzia saa mbili mpaka adhuhuri. Na nywila ya waifai ya ofisini, nimeuliza leo, anayo yeye huyo huyo.