Mrejesho: Kikohozi cha ami, Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliwauliza kwa nini ami yangu, aliyemeza dawa za kifua kikuu miezi mitatu, bado anakohoa na kukonda. Wengi mlinambia akapimwe vinasaba vya vijidudu vyenyewe, darubini haitoshi.

Tulimpeleka. Alikohoa ndani ya kikopo cha plastiki, makohozi mazito yenye uzi wa damu, yakatiwa kwenye mashine ya GeneXpert. Hazikutimia saa mbili jibu likatoka: bakteria wapo, na jeni yao iitwayo rpoB imebadilika, kwa hiyo rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, haiwaui tena. Darubini ingewaona tu. Isingesema wanahimili dawa gani. Machozi yalinitoka, maana tulikuwa tukimgombeza ami kwamba anaficha vidonge. Nimemuomba radhi.

Sasa anatumia bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini kwa miezi 6, mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022. Kwanza alipimwa umeme wa moyo, kwani bedakwilini huweza kuvuruga mapigo.

Juzi kala wali kwa mchuzi wa changu, sahani nzima, alhamdulillah. Sisi wa nyumbani tunapimwa Jumatatu.