UZI WA MALALAMIKO: Acheni kutuuzia Golf TSI kwa jina la GTI, na mafundi acheni kuua giaboksi za DSG

Wakuu, salaam.

Kuna wizi unaendelea kwenye soko la Volkswagen Golf za mtumba kutoka Japani, na kila anayelizwa akija kulalamika anajibiwa "si ungenunua Toyota IST". Hapana. Golf GTI, yaani Golf ya spoti, ya kizazi cha 5 (2004 hadi 2009) na ya kizazi cha 6 (2009 hadi 2013) ni gari zinazojulikana ndani na nje. Magonjwa yake yanafahamika, vipuri vyake vina namba, dawa zake zipo. Zinauawa na dalali anayeficha na fundi anayebahatisha. Uzi huu ni wa hao wawili, na mwenye nia ya kununua asome kabla hajatoa hata shilingi ya kuzuia gari.

Uongo mkubwa kuliko wote ni Golf TSI ya kawaida, yenye injini ndogo, kuvalishwa nembo ya GTI. Grili yenye mstari mwekundu inauzwa kama kipuri chochote, nembo inabandikwa kwa gundi, na Golf ya cc 1390 inapandishwa bei kwa mamilioni. Hizo si gari moja. GTI za vizazi vyote viwili zina injini ya cc 1984 yenye tabo, farasi 200 kwa cha 5 na farasi 210 na ushee kwa cha 6, na zile za automatiki zina giaboksi ya DSG (ya klachi mbili) ya gia 6 ambayo klachi zake zinafanya kazi ndani ya oili, iitwayo DQ250. TSI Highline ya kizazi cha 6 ina injini ya cc 1390 yenye tabo na supachaja (kisukuma hewa kinachozungushwa na injini) kwa pamoja, na giaboksi ya gia 7 yenye klachi kavu, iitwayo DQ200. Anayekuuzia ya pili kwa jina la kwanza amekuuzia matatizo tofauti kabisa, vipuri tofauti na ratiba tofauti ya matengenezo. Injini ile ya supachaja inajulikana kwa kuvunja pistoni kwenye sehemu ya ringi, na DQ200 ndiyo iliyoifanya Volkswagen irudishe gari nyingi duniani mwaka 2013, Japani ikiwemo, kwa ajili ya kubadilishwa oili ya giaboksi.

Kuitambua hakuhitaji ufundi. Omba cheti cha Kijapani kilichosafiri na gari, angalia kodi (msimbo) ya modeli. Ikisomeka 1KAXX au 1KBWA hiyo ni GTI ya kizazi cha 5. 1KCCZ ni GTI ya kizazi cha 6. 1KCAV ni TSI Highline, 1KBLG ni GT TSI ya kizazi cha 5, 1KCAX ni cc 1390 yenye tabo peke yake, 1KCBZ ni cc 1200. Herufi tatu za mwisho ndizo kodi ya injini. Cheti kimepotea? Kadi ya gari ina cc. Na kwenye buti, chini ya kapeti panapokaa tairi la akiba, kuna stika nyeupe yenye kodi ya injini na ya giaboksi. Stika ikiwa imebanduliwa, jiulize nani alipata faida kuibandua. Kwa macho tu, kizazi cha 6 GTI ina bomba moja la ekzosi kila upande, cha 5 ina mawili yote upande wa kushoto.

Kuhusu kilomita: dashibodi si ushahidi. Dai karatasi ya mnada wa Japani yenye namba ya chesisi inayolingana na gari. Daraja R au RA maana yake gari lilishagongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mchubuko, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni paneli iliyobadilishwa. Halafu kuna njia ambayo madalali wengi hawaijui: ukichomeka VCDS, kifaa cha kusoma kompyuta za gari za Volkswagen, hitilafu nyingi zilizohifadhiwa kwenye kompyuta zinabeba kilomita za wakati zilipotokea. Dashibodi ikisema 78,000 na hitilafu ikasema ilitokea kwenye 141,000, mjadala umekwisha. Na kompyuta ikiwa nyeupe kabisa, haina hata kodi moja ndogo ya hitilafu kwenye gari la miaka zaidi ya 12, huenda imefutwa asubuhi hiyo. Endesha kilomita 20 kisha pima tena.

Sasa injini. Kizazi cha 5 inatumia belti ya taiming, na pampu ya petroli ya presha kubwa inasukumwa na kamshafti (shafti inayofungua vali) kupitia kikombe kidogo cha chuma, namba 06D 109 309 C. Kikombe hiki ni kipuri cha kuchakaa kama plagi. Uso wake una utando mweusi mgumu; utando ukiisha, chuma kinalika, kinatoboka, kisha kijiti cha pampu kinaanza kuila kamshafti yenyewe. Hapo ndipo bili inapotoka kwenye kikombe na kufika kwenye kamshafti na pampu kwa pamoja. Gari inapoteza nguvu ukikanyaga mafuta, kodi ya hitilafu P0087 au P2293 inatokea, na fundi wa kubahatisha anabadilisha pampu ya kwenye tenki, filta, mpaka nozeli, bila kugusa kikombe.

Kukikagua ni kazi isiyofika saa moja. Injini ipoe. Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, washa hadi izime ili presha ishuke. Funika kitambaa kwenye nati ya bomba kabla ya kuifungua, maana petroli itabaki kidogo. Legeza bolti 3 za pampu kwa zamu, kidogo kidogo, pampu isije ikakaa upande ikapinda. Toa kikombe kwa sumaku. Kikiwa cheusi na kimeng'aa duara katikati, kirudishe. Kikionyesha chuma cheupe, badilisha. Kikiwa na shimo la kubonyea, badilisha na uimulike kamshafti kwa tochi. Kipya kipakwe oili kabla hakijaingia. Fanya hivyo kila kilomita 15,000 hadi 20,000. Muuzaji anayesema "hiyo injini haijawahi kufunguliwa" anaitangaza kama sifa, wakati kwa gari hii ni onyo.

Belti nayo: kama hakuna risiti inayoonyesha ilibadilishwa, ihesabu haijabadilishwa. Weka belti, tenshena (kikazio), roli na wota pampu kwa pamoja. Ikikatika, vali zinagonga pistoni.

Kizazi cha 6 haina belti, ina cheni, na hapa kuna uongo mwingine: "cheni haibadilishwi, ni ya maisha." Tenshena za mwanzo za injini hii zinajulikana kushindwa kushika. Injini ikizimwa presha ya oili inashuka, tenshena ikiwa imechoka cheni inalegea, na siku ukiwasha inaruka meno. Vali zote zinapinda kwa sekunde moja. Toleo jipya la tenshena lipo, 06K 109 467 K. Kabla ya kununua, fika gari ikiwa baridi, weka mkono kwenye kofia ya injini kabla mwenyewe hajawasha. Ikiwa ya moto, ondoka urudi kesho bila taarifa. Ukiwasha ukisikia mlio wa chuma kukwaruzana sekunde 2 au 3 za mwanzo, hiyo ni cheni. Kwenye kava ya chini ya cheni kuna kizibo cha mpira. Ukikitoa na kuchungulia kwa kamera ndogo utaiona tenshena na utajua ni ya toleo gani. Kwenye VCDS, kundi la 093 linaonyesha kamshafti imepishana kiasi gani. Ikipita nyuzi 4 hasi, cheni imerefuka. Na mafundi, tafadhali sana: vali iliyo mbele ya kamshafti ya kuvuta hewa ina uzi wa kushoto. Ukiizungusha kama nati ya kawaida unaikaza mpaka inavunjika. Vipande vyake vimemaliza injini za watu.

Kizazi cha 6 pia inakula oili. Ringi za oili zina matundu membamba yanayoziba. Kitabu cha gari kinaruhusu hadi nusu lita kwa kilomita 1,000, lakini gari inayofika huko inaelekea kufunguliwa. Toa dipstiki injini ikiwa inanguruma bila gia: ukisikia filimbi na mngurumo ukabadilika, vali ya PCV (ya kutoa mvuke ndani ya injini) imekufa, na nyuma yake ni sili ya nyuma ya krenki kuvuja. Kwa zote mbili, oili ni lita 4.6 ya kiwango cha VW 502 00, 5W-40 inafaa. Kwa joto letu na foleni zetu usingoje kilomita 15,000. Mwaga kwenye 7,500.

Nifike kwenye giaboksi, maana hapa ndipo hasira inanipanda kweli. DQ250 ni giaboksi imara. Inadai kitu kimoja: oili na filta kila kilomita 60,000. Inashika jumla ya kama lita 7, na kwenye kubadilisha zinaingia takriban lita 5 na kidogo, za kiwango cha G 052 182. Sasa gereji inafanyaje? Inafungua nati ya chini, oili inachuruzika kidogo, fundi anasema imekwisha. Haijaisha. Ndani ya tundu hilo kuna kibomba cha plastiki cha kupimia kiwango. Lazima ukitoe kwa ALLEN namba 8 ndipo oili yote ishuke. Wao hawakitoi, wanajazia ATF (oili ya giaboksi za automatiki za kawaida) ya Toyota juu ya ile chafu, wanafunga. Klachi zinaanza kuteleza na kuungua, gari inatetemeka ikiondoka, inakita ikirudi gia ya 1, halafu mwenye gari anaambiwa "mekatroniki imekufa" (kompyuta na vali zinazoendesha giaboksi) na anauziwa ya mtumba iliyotolewa kwenye gari jingine lililokufa kwa ujinga uleule.

Utaratibu ni huu. Mwaga yote kwa kutoa kibomba. Badilisha filta iliyo juu, kofia yake inafunguka kwa spana ya 24. Rudisha kibomba kwa mkono mwepesi, ni plastiki. Jaza kiasi kilekile kilichotoka au zaidi kidogo. Washa, kanyaga breki, pitisha kila gia sekunde 3. Soma joto la oili kwa mashine, na likiwa kati ya nyuzi 35 na 45, injini ikinguruma na gari ikiwa sawa kabisa kwenye lifti, fungua nati ya chini. Ya ziada itamwagika. Ikianza kudondoka matone, funga kwa washa mpya (pete ya kuzuia kuvuja). Bila mashine ya kusoma joto kazi hii haifanyiki, kwa hiyo fundi asiye nayo aseme hana, hakuna aibu.

Kama umekwama na TSI ya DQ200, usimruhusu mtu akuambie ni kazi ileile. Ile ina oili mbili tofauti, lita 1.7 za gia na lita 1 ya mekatroniki. Ikipoteza gia kwa zamu na kodi P17BF au P189C ikatokea, tazama kwanza nyumba ya mekatroniki pale akumuleta (kihifadhi presha ya oili) inapokaa. Hupasuka na kupoteza presha. Klachi mpya hazitaponya ufa.

Mawili mengine ya haraka. Fundi anayetoa thamostati "kwa sababu Dar kuna joto" anafanya injini isifike nyuzi 90. Kompyuta inaongeza petroli, petroli inaingia kwenye oili, na ile oili ndiyo inayolainisha tabo. Rudisha thamostati, na weka kulenti ya pinki, si maji ya bomba. Na spesa za mpira kwenye springi ili gari ipite matuta: ekseli zinakaa pembe mbaya, buti za CV (mipira inayofunika viungo vya ekseli) zinachanika, bushi za nyuma za kontroli ami zinaisha kwa kasi. Tairi la 225/45 R17 lenye upepo sahihi na kava ya chini ya injini iliyofungwa bolti zote vinasaidia zaidi.

Msisahau pia gari hizi zote zimepita miaka 10, kwa hiyo kwa anayeagiza mwenyewe ushuru wa bidhaa una ile nyongeza ya umri ya asilimia 30. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujashawishika na bei ya CIF (gari, bima na usafiri hadi bandarini).

Wenye matangazo ya GTI humu ndani: wekeni picha ya stika ya buti, karatasi ya mnada, ripoti ya VCDS ya kompyuta zote isiyofutwa, na risiti ya oili ya DSG ikionyesha lita na aina ya oili. Kwa kizazi cha 5 ongezeni picha ya kikombe cha pampu, kwa cha 6 picha ya tenshena. Asiye navyo aandike hana na bei ishuke kwa gharama hizo. Wanunuzi, bandikeni hapa chini kodi ya modeli ya gari mnayotaka kununua, tuwaambie ni ipi kabla hamjaifuata.