Wiski ya pipa la sheri: ladha ya tende inatoka wapi?

Mkazi wa Shangani (Mtwara):
Ndugu wanajukwaa, salaam. Shemeji yangu ameniletea chupa ya GlenDronach ya miaka 12, wiski ya kimea kitupu cha shayiri kutoka kiwanda kimoja cha Uskoti, ambayo lebo inasema imekomazwa katika mapipa ya sheri za aina mbili, Pedro Ximénez na Oloroso. Nimeionja kavu, bila maji wala soda. Puani ilitangulia pombe kuwasha, kisha ikafuata harufu ya zabibu kavu, tende na maganda ya chungwa. Mdomoni ni nzito na tamu, lakini ukishameza inaacha ukakasi kwenye fizi kama wa bibo lisiloiva vizuri. Je, utamu huo na rangi yake iliyokolea vimeongezwa kiwandani? Na kwa joto hili la kwetu, nikitia barafu nitaiharibu?

Mtu wa Mikindani:
Ndugu yangu, humo hakuna sharubati. Sheria inayolinda wiski ya Uskoti inaruhusu kuongezwa maji na rangi ya karameli tu, na inataka pombe ikae kwenye mapipa ya mwaloni nchini humo kwa miaka isiyopungua 3. Tende ulizozinusa zimetoka kwenye mbao. Sheri ni divai iliyoongezewa kilevi, ya eneo la Jerez kusini mwa Hispania. Oloroso huachwa ikutane na hewa kwa miaka mingi hadi inanukia jozi, na kwa kawaida haina utamu, ilhali Pedro Ximénez hutokana na zabibu zilizoanikwa juani hadi zikasinyaa, ndiyo maana ni nzito na tamu kupita kiasi. Pipa likishashiba divai hiyo, wiski inayofuata huivuta taratibu kutoka kwenye mbao pamoja na tanini za mwaloni wenyewe, na hizo tanini ndizo zinazokukausha fizi.

Zamani yalitumika mapipa yaliyosafirishia sheri hadi Uingereza. Tangu miaka ya 1980, sheri ilipoanza kutiwa chupani hukohuko Hispania, viwanda huagiza mapipa yakatiwa sheri kwa mwaka mmoja au miwili kwa ajili ya wiski tu, kwa hiyo muuzaji anayekusimulia habari za pipa la kale lililovuka bahari msikilize kwa tahadhari. Rangi nayo usiitegemee, maana karameli inaweza kuikoleza wiski ya kawaida kabisa.

Bibi Korosho (Lindi):
Mimi nasema barafu hapana, angalau kwa glasi ya kwanza. Baridi huifunga harufu, na kwenye wiski ya sheri harufu ndiyo uliyoilipia. Hata hivyo, joto la Lindi saa kumi jioni nalo ni tatizo, kwa kuwa kilevi huruka upesi na kuwasha pua kabla matunda hayajajitokeza. Nafikiri ndilo lililokupata. Weka chupa kwenye friji kwa muda mfupi ipoe bila kuganda, mimina kidogo kwenye glasi iliyobana mdomoni, unuse huku midomo ikiwa wazi kidogo, kisha dondoshea maji matone machache na usubiri. Kwangu mimi hapo ndipo karafuu hujitokeza. Ukisikia harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa, usishtuke: mara nyingi hutokana na salfa inayochomwa ndani ya mapipa matupu yasiharibike njiani.

Mtu wa Mikindani:
Dada, kwa hilo tutatofautiana kidogo. Kipande kimoja cha barafu katika glasi ya pili si dhambi, na huo ukakasi wenyewe hupoa ukitafuna korosho za kukaanga zisizo na chumvi nyingi. La muhimu zaidi ni chupa isimame wima, kwa sababu kilevi hula kizibo, na ikae kabatini mbali na dirisha. Ikishafika nusu, imalizeni na shemeji kabla hewa haijaifubaza.